Fisi Huamka Jua Likipungua

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Mnaweza kucheka. Mama yangu alicheka kwanza, halafu akaniuliza kama nina ugonjwa ninaoficha. Sina. Nimechoka tu, na uchovu wenyewe ni ule usioisha mtu akilala.

Nawaandikia nyinyi mnaotaka kufanya kazi niliyoiacha: kuwachukua watu wa huku kwetu kwenye majani chai asubuhi, kuwapeleka bustani ya wanyama ya Kisumu, na kuwarudisha siku hiyohiyo wakiwa wazima. Mmenitumia ujumbe kwenye simu mkiuliza mnaanzia wapi. Nilijaribu kumjibu kila mmoja. Nikawa naandika, nafuta, naandika tena, mpaka jibu la mistari mitatu linamaliza asubuhi nzima. Kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja kwa wote, na nimejiapiza kwamba nikiona kosa huko juu sitarudi kulirekebisha. Tutaona.

Sikusomea kazi hii. Mimi ni binti wa Wakisii waliokuja Kericho kuchuma majani, nikazaliwa kwenye nyumba za kampuni na kukulia humo. Mambo ya wanyama nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa nikimsaidia mama kuchuma huku simu ikinisomea habari za mamba kutoka mfukoni, na tukifika mwisho wa mstari naigeukia michai na kuihutubia. "Mabibi na mabwana, mamba hawezi kutoa ulimi nje." Wamama wa mistari ya jirani walikuwa wakiitikia, "Kumbe!" ili nisijione mjinga. Hao ndio walionisomesha.

Aliyenipa kazi ni Mzee Karanja, mwenye basi dogo la kukodi. Wazazi wake walitoka mkoa wa kati kuja kufanya biashara Kericho mjini, naye akabaki. Siku ya kwanza aliniona nikinong'ona peke yangu kwenye ngazi ya basi, nikirudia uzito wa kiboko.

"Unaomba?" akaniuliza.

"Nakumbuka, Mzee."

"Hao wanyama wako ndani ya waya, binti yangu. Wasiwasi wako uweke kwa hawa walio nje."

Niliuweka. Niliuweka mwingi kuliko alivyotaka. Kabla ya kila safari nilikuwa nikivitembelea vikundi nyumbani kwao, naangalia nani ana magoti mabovu, nani hutapika garini, nani ana simu yenye chaji. Watu waliniita makini. Mimi najua ilikuwa hofu iliyopigwa pasi.

Sasa nitawaeleza safari yangu ya mwisho, kwa maana karibu kila kitu ninachotaka mkijue kiko ndani yake.

Walionikodi walikuwa kikundi cha akina mama wa Roret, wachumaji wa zamani. Wengi walikuwa wameacha kuchuma mashine zilipoingia mashambani, wakabaki na mikono isiyojua kutulia. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Bosibori, Mkisii kama mimi, sauti yake haihitaji simu kufika Chepilat. Alinipigia akasema, "Kerubo, sisi tunataka simba na soda baridi. Lakini kuna Gogo mmoja hapa, bibi wa Kikipsigis, anataka fisi. Njoo uongee naye wewe mwenyewe, mimi nimeshindwa kumwelewa."

Gogo Taprandich alikuwa ameketi mlangoni kwake, ameelekeza uso kwenye mwanga kama mtu anayeota moto. Nikamsalimia, "Chamgei, Gogo." Akaitikia, halafu akaninyooshea mkono, akakosa, nikausogeza wangu mpaka ukakutana na wake.

"Wewe ndio ya wanyama?"

"Ndiyo, Gogo."

"Hiyo fisi iko kweli, ama ni picha?"

"Yuko, Gogo. Nimemwona mara nyingi."

"Mimi sijaiona hata moja. Na ni jamaa yangu."

Kama nyinyi si Wakipsigis, au ni Wakipsigis mliokulia mjini, niwaeleze alivyonieleza. Kila ukoo wao una mnyama wake. Mnyama huyo hauawi na mtu wa ukoo, hatukanwi, na akikutana nawe njiani unampisha kwa heshima. Ukoo wa Gogo ni wa fisi. Alizaliwa Soin, kule chini kwenye joto, na alipokuwa mtoto fisi walikuwa wakipita nyuma ya boma baada ya giza. Baba yake alikuwa akiwaambia wanyamaze, wageni wa nyumbani wanapita. Akawasikia miaka yote ya utoto wake. Kisha akaolewa huku juu kwenye baridi, ambako misitu ilifyekwa ikapandwa chai, na hakusikia tena hata mmoja.

"Sasa daktari amesema hii macho inaisha," akaniambia. "Saa sita, jua ikiwa kali, naona. Naona wewe umevaa kitu nyekundu. Jua ikishuka, ni giza tu. Mvua ikija, ni giza. Nataka nione uso ya jamaa yangu hata mara moja, kabla hii taa haijazimwa."

"Utamwona, Gogo," nikasema.

Hapo ndipo nilipokosea, na ninyi mkikumbuka moja tu katika haya yote, likumbukeni hili. Ahidi soda. Ahidi choo safi pale Ahero. Usimwahidi mtu mnyama. Mnyama hajui kama umeahidi.

Siku ya safari tuliondoka Roret na ukungu. Sasa sikilizeni kuhusu sweta. Mtu wa majani chai akiamka hutazama nje, huona baridi, na hudhani dunia yote ina baridi hiyo. Atavaa sweta, na juu yake koti, na kofia ya uzi. Kisha basi linateremka Sondu, linateremka tena, na mahali fulani kabla ya mashamba ya mpunga wa Ahero utaanza kusikia watu wakipumua kwa mdomo. Safari yangu ya kwanza watoto wawili walizirai mbele ya mamba nikadhani ni uoga wa mamba. Tangu hapo natembea na gunia. Tukifika Sondu nalipitisha kila kiti, na kila mtu anatoa sweta yake. Wazee hukataa. Usibishane nao. Subiri kilomita chache, watakuita wenyewe.

Na kibuyu cha mursik. Kuna mama mmoja katika kila kikundi atakayebeba maziwa lala yake, ameyafunga vizuri kabisa, kwa nia njema kabisa. Joto la chini likiyapata yale maziwa, kizibo kinaruka. Niliwahi kumfuta mwalimu mkuu maziwa na unga wa makaa yanayosuguliwa ndani ya kibuyu kutoka kwenye miwani. Sasa kila kibuyu nakilegeza kizibo mwenyewe kwenye kila kituo. Siku hiyo kilikuwa kimoja, cha Gogo.

"Unafanya nini na kibuyu yangu?"

"Nakipumzisha, Gogo."

"Hata wewe pumzika. Tangu tutoke hujakaa chini."

Ni kweli. Nilikuwa nimesimama katikati ya basi nikiendelea na hotuba yangu, ile niliyoitengeneza miaka mingi, kila neno mahali pake. Nilipofika kwa fisi nikatoa mzaha wangu wa siku zote: kwamba tutamwona mlafi wa porini, mwenye sura ambayo hata mama yake huitazama kwa pembeni. Mzaha huo haujawahi kushindwa. Basi zima likacheka. Kisha nikasikia sauti kutoka kiti cha tatu.

"Nani hiyo ana sura mbaya?"

Unajua joto linalopanda shingoni hata kabla hujaelewa umefanya nini? Nilikuwa nimekwenda nyumbani kwake, nikamsikiliza, nikakumbuka magoti yake na macho yake, kisha mdomo wangu ukasema maneno uliyoyazoea.

"Gogo, nisamehe. Nimesema vibaya."

"Uliniambia umeiona mara nyingi."

"Nimemwona."

"Mh," akasema, akageukia dirisha. Mama Bosibori akajaribu kutuokoa. "Gogo, usikasirike. Hata sisi Wakisii tuna wanyama wetu, na wengine wana sura za kusameheana tu." Wamama wakacheka tena, Gogo naye akaachia tabasamu dogo. Lakini ile "mh" yake ilibaki nami mpaka Kisumu.

Tulipofika lango la bustani nikafanya ile inayoitwa na Mzee Karanja hesabu ya majirani. Wazee wengi wa huku hawataki kuhesabiwa. Ukiwanyooshea kidole mmoja, wawili, watatu, watakuambia unawaitia balaa, na nyumbani kwa Mzee Karanja mambo ni hayohayo. Safari zangu za mwanzo nilihesabu watu kwa siri nikijifanya naangalia viti, nikapoteza hesabu kila mara mtu alipoinama kuchukua kiatu. Mzee ndiye aliyenifunza. Kila mtu anajua aliyeketi karibu naye. Unauliza swali moja tu: "Jirani yako yupo?" Wakiitikia wote "Yupo," twende. Jirani wa Gogo alikuwa Mama Bosibori.

Bustani iko kando ya ziwa, na kuna ufundi wa kuipitia. Usianze na simba. Watu wakishamwona simba, wamemaliza. Baada ya hapo hata umwonyeshe chui wataangalia saa ya kula. Anza na kobe. Kobe ni mnyama mwenye subira, huruhusu watu wamalize kelele za safari. Tumbili wapite haraka, mikoba imebanwa kwapani, mikate imefichwa. Simba aje mwisho, ila si saa sita, kwa maana saa sita simba ni zulia. Nilikuwa na utaratibu wangu ambao ulifanya kazi hata siku za mvua, na kilele chake ni kutoka langoni saa tisa, tupande milima kabla mvua ya jioni haijageuza barabara za Roret kuwa uji. Sikuwahi kuchelewa kuondoka. Nilijivunia jambo hilo kuliko mnavyoweza kudhani.

Siku hiyo nilivunja utaratibu kwa ajili ya macho ya Gogo. Tulienda kwa fisi mapema, jua likiwa linapanda. Kizimba kikubwa, nyasi, jiwe, maji. Fisi hayuko.

"Iko wapi?" Gogo akauliza. Alikuwa ameshika waya kwa vidole vya mikono yote miwili, uso ameusogeza karibu.

"Ngoja kidogo, Gogo."

Tukarudi saa sita. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba vivuli vyetu vilijificha chini ya miguu. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake. Nyasi, jiwe, maji. Odhiambo, mtunza wanyama ambaye nimefanya naye kazi miaka yote hii, akaja na ndoo yake tupu.

"Kerubo, wewe si mgeni hapa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Umeona fisi saa sita lini?"

Nikafikiri. Nilitaka kumtajia siku. Sikupata hata moja. Nilikuwa nimemwona fisi asubuhi ya mawingu, na nyakati za mvua. Jua kali, sijui. Siku zote nilipofika hapa nilikuwa nikitoa mzaha wangu na kutazama nyuso za watu kuona kama wanacheka, kisha natazama saa, kisha natazama tumbili waliokuwa juu ya ua.

"Analala kwenye chumba chake pale nyuma ya jiwe," Odhiambo akasema. "Fisi huamka jua likipungua. Kabla ya hapo hata nimwite vipi."

"Hatuwezi kumwamsha? Huyu mama macho yake—"

"Nimwamshe nimtoe kwa fimbo? Mnyama akikataa, amekataa. Na huyo mama mwenyewe angependa?"

Nilimtazama Gogo. Alikuwa amesikia kila neno.

"Msiiguse," akasema. "Jamaa haiamshwi na fimbo."

Basi tukaenda kula, tukaenda kwa simba, ambaye alifanya kazi yake ya kupiga miayo, na wamama wakapiga picha na kulalamika kwamba kwenye video simba huwa mkubwa zaidi. Jambo hilo ni jipya katika kazi hii. Zamani mtu alimtazama simba moja kwa moja. Siku hizi anamtazama kupitia simu, kisha anamtazama tena nyumbani, na simba wa pili ndiye anayemwamini. Sina dawa yake. Waacheni wapige picha, ila waelekezeni wasirudi nyumanyuma, kuna mtaro.

Saa tisa ilipokaribia nikawapanga kwenye basi. Kule milimani upande wa Kericho mawingu yalikuwa yameshajipanga. Nikauliza, "Jirani yako yupo?"

"Yupo." "Yupo." "Yupo." Kisha Mama Bosibori: "Wangu hayupo."

Nilijua aliko kabla sijashuka. Alikuwa palepale, vidole vimeshika waya, kitambaa chake cha kichwa kimeteleza begani.

"Gogo, twende. Mvua inakuja. Barabara itaharibika."

"Nyinyi endeni."

"Siwezi kukuacha hapa."

"Wewe uliniambia nitaiona."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Mimi nina mwili unaojua kupokea hasira. Naomba radhi haraka kuliko mtu kupiga chafya. Lakini alisema kama mtu anayekumbusha kitu kilichosahauliwa mezani. Nikasimama pale na saa yangu, na niwaambie ukweli, nilifikiria kumshika mkono nimvute. Nilifikiria pia kudanganya. Ningeweza kusema, "Yule pale, Gogo, nyuma ya jiwe, umemwona?" Angeitikia, labda, kwa heshima, na tungeondoka saa tisa.

Mzee Karanja alikuwa amenifuata. Alitazama mawingu, akamtazama Gogo, akanitazama mimi.

"Basi ni langu," akasema, "lakini safari ni yako."

"Tukingoja tutakwama barabarani, Mzee."

"Tutakwama."

"Wamama watatembea kwenye matope."

"Hao? Wametembea kwenye matope na vikapu mgongoni tangu wewe hujazaliwa. Waulize."

Niliwauliza. Nilitegemea makelele. Mama Bosibori akachungulia dirishani akasema, "Kwani nyumbani kuna nani ananingoja? Mashine imechuma yote. Nunueni soda nyingine." Wakashuka. Wakarudi mmoja mmoja, wakaketi kwenye nyasi mbele ya kizimba kisicho na kitu, wamevua viatu, kama watu waliofika mapema kwenye harusi. Mimi nilibaki nimesimama. Saa tisa ikapita. Sikuwahi kuiona ikipita nikiwa ndani ya bustani ile, na mnajua nini, ilipita tu. Tumbili hawakugeuka hata kutazama.

Tulingoja. Ziwa likaanza kutuma upepo. Kivuli cha ua kikatambaa kwenye nyasi, kikapanda jiwe. Nilikuwa nikitazama kivuli kile na kuelewa polepole kinachotokea, na nadhani Gogo alielewa kabla yangu. Kila hatua ya kivuli ilimsogeza fisi karibu na mlango wake, na kila hatua ilipunguza macho ya Gogo. Vilikuwa vinapishana.

Kisha Odhiambo akainua mkono bila kusema, na wamama wote wakanyamaza, hata Mama Bosibori.

Fisi akatoka.

"Imekuja?" Gogo akauliza.

"Amekuja, Gogo. Yuko pale, kulia kwa jiwe."

Akageuza uso kulia. Akausogeza mpaka waya ukaacha alama kwenye paji lake. Akafumba macho, akayafumbua.

"Naona giza," akasema. "Naona giza, na kitu kama giza zaidi."

Nilitaka kuomba radhi, na kwa mara ya kwanza maneno hayakuja. Gogo akashusha pumzi, akanyoosha mkono hewani, akakosa, nikausogeza wangu.

"Lakwet," akasema, yaani mtoto, "wewe una macho. Niambie."

Nikaanza. "Mabibi na mabwana, fisi madoa ni mnyama ambaye taya zake—"

"Hapana. Hiyo ulisema kwa basi. Sasa niambie hii. Iko namna gani?"

Ikabidi nitazame.

Nimeifanya kazi hii tangu nikiwa msichana, na naapa hiyo ndiyo siku niliyomtazama fisi. Alikuwa amesimama anavuta harufu yetu. Nikasema masikio yake ni ya mviringo, kama ya mtoto aliyevikwa kofia. Nikasema manyoya ni rangi ya udongo wa Soin kiangazi, na madoa ni kama matone ya mvua ya kwanza juu ya udongo huo. Gogo akanibana mkono. "Endelea." Nikasema uso wake ni mweusi mdomoni, na macho ni mapole, na yamechoka. Odhiambo akaongeza kwa sauti ndogo kwamba ni jike, mzee kiasi. Kisha yule fisi akaanza kutembea kuelekea kwenye maji, na mimi nikakwama, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu na sikujua kukisema. Mabega yake yako juu. Mgongo unateremka. Miguu ya mbele mirefu, ya nyuma mifupi. Kichwa kimeinama.

"Gogo," nikasema, "anatembea kama mtu anayepanda mlima. Mahali ni tambarare kabisa, hakuna hata kichuguu, lakini yeye anapanda. Anatembea kama mama anayepeleka kikapu kilichojaa kwenye mizani, ule mwinuko wa mwisho, siku ya mvua."

Nikasikia Gogo akitoa sauti. Nilidhani analia. Nilipomtazama, alikuwa anacheka, kicheko cha chinichini kilichomtikisa mabega.

"Basi ni ya kwetu," akasema. "Hiyo ni ya kwetu kabisa. Bosibori! Umesikia? Iko na kikapu!"

"Nimesikia, Gogo. Na nimeiona. Ni wewe mtupu, siku ile nyapara alikurudisha na majani ukayabeba tena!"

Wamama wakacheka mpaka yule fisi akasimama na kutusikiliza. Gogo akaunyoosha mgongo wake kadiri ulivyokubali, akarekebisha kitambaa, akasema kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, "Chamgei." Akangoja kidogo, kama adabu inavyotaka. Kisha akaniambia, "Sasa twende. Tusiichoshe."

Mvua ilitukuta Sondu. Basi lilikwama kabla ya Roret, kama nilivyojua, na wamama wakavua viatu wakatembea kwenye matope, sweta zangu zote za gunia zimelowa, kila mtu amevaa ya mwenzake. Nilimshika Gogo mkono njia nzima. Sikuomba radhi kwa mtu yeyote. Nilijaribu kutafuta ile hofu yangu ya siku zote nikakuta imechoka kama mimi.

Nilimrudishia Mzee Karanja gunia wiki iliyofuata. Hakuniuliza mengi. Aliniuliza tu kama nimekasirika, nikamwambia hapana, akasema basi kizibo cha kibuyu atakilegeza nani, nikamwambia atampata mtu. Labda ni mmoja wenu. Mkifika kwake mtakuta gunia nyuma ya kiti cha dereva. Jifunzeni hesabu ya majirani. Anzeni na kobe. Jifunzeni hotuba, itawasaidia siku ambazo mtakuwa hamna nguvu, na hizo zitakuwa nyingi. Lakini kila safari, hata kwa muda wa kumeza mate, waacheni watu wacheke au wasicheke, geukeni na nyinyi mtazame kilicho ndani ya waya. Mimi nilichelewa kujua, na sina tena nguvu za kuanza upya.

Mwezi uliopita nilikwenda Kisumu peke yangu, bila kofia ya kazi. Nililipa langoni kama mgeni. Niliketi kwenye nyasi mbele ya jiwe mpaka kivuli cha ua kikapanda, na niliporudi huku juu nikapitia kwa Gogo. Sasa haoni hata saa sita. Alikuwa mlangoni, uso kwenye jua, kwa mazoea tu. Alinijua kwa hatua zangu, na kabla sijamsalimia akauliza.

"Bado inapanda?"

"Bado anapanda, Gogo."

"Na kikapu?"

"Kimejaa."

Akasogea akanipa nafasi mlangoni, nikaketi.